Pikapu Huzaliwa kwa Jirani

Vijana wangu wa Jumamosi, mlinicheka niliposema nimestaafu. Gloria ndiye aliyeanza, akiniita yaya, dada mkubwa. "Yaya Ngoie, mustaafu gani hana hata mvi moja?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata yule aliyekuwa akigawa maandazi akaweka sinia chini ili acheke vizuri.

Sawa, chekeni. Nina miaka thelathini na minne, mvi sina, na ndoto zangu bado ni nyingi kuliko zenu nyote mkizijumlisha. Lakini katika kazi ya kuchomelea chuma mimi ni mstaafu kamili. Bega la kulia lilikataa, daktari akalipiga picha, akatamka neno refu la Kifaransa ambalo mpaka leo siwezi kulirudia, nami nikaweka mashine chini. Siku hizi nasaidia wazee kuoga na kula katika nyumba yao pale Ixelles, hapa Brussels. Kazi nzuri, haina cheche.

Halafu Gloria huyohuyo akauliza swali lililonifanya niandike. Baba yake alikuwa ameitamani pikapu fulani dukani, wakafungua mlango, wakakuta kibao kidogo kinachosema gari limetengenezwa nchi nyingine. "Juu ya nini banaitengenezea kwa jirani, kisha banakuya kuiuzisha huku? Siye hatuna mikono?"

Nilianza kujibu kwa mdomo, nikazungukazunguka, muda wa ukumbi ukaisha na mtu wa funguo akaanza kuzima taa. Donc, yaani basi, nimekaa nikaandika. Shule yangu ni ndogo, niliiacha Likasi, kule Kongo, kabla haijanimaliza, kwa hiyo msinitafutie makosa ya herufi. Lakini miaka yangu ya ujana nimeimalizia nyuma ya pikapu, na hili swali lilinigusa kabla halijamgusa Gloria.

Kwanza mjue kazi yenyewe ilikuwaje. Watu wengi wanadhani pikapu hutoka kiwandani nzima, kama yai. Nyingi ndiyo. Ila zile za kazi ngumu, za mafundi paa, za watu wa bustani, za wanaotengeneza barabara, mara nyingi hutoka nusu: kebini mbele, injini, magurudumu manne, na nyuma mifupa mitupu ya chesi, kama samaki aliyeliwa upande mmoja. Karakana ndiyo inayojenga sehemu ya kubebea mizigo. Sisi tuliiita bene.

Karakana yetu ilikuwa Anderlecht, si mbali na mfereji. Mwenyewe alikuwa Mbelgiji aitwaye Luc, mtu mrefu, sauti ya chini, ambaye akikasirika ndipo adabu inapomzidi. Mkipata bosi wa namna hiyo, akianza kusema "tafadhali" mara mbili katika sentensi moja, kimbieni.

Aliyenifundisha alikuwa papa Haruna wa Bujumbura, na papa kwetu ni baba. Ndevu nyeupe, miwani iliyofungwa kwa uzi, na mikono iliyojaa madoa madogo ya moto kama ngozi ya chui. Kona ya stoo kulikuwa na kipande cha kadibodi safi alichosalia swala zake, na hakuna mtu, hata Luc, aliyewahi kukikanyaga. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu, na hakukosa kunikumbusha.

"Nyinyi watu wa Katanga," alikuwa akisema, "mnaongea kama mnakimbizwa na mbwa."

"Na ninyi ba Buja munaongea kama munangojea bus."

"Basi letu huwa linafika, binti yangu."

Hivyo ndivyo tulivyosalimiana asubuhi.

Sasa niwaeleze kosa langu la kwanza, maana najua mnapenda hayo. Likasi nilijifunza kwa mjomba wangu. Kule pikapu hubeba mahindi, mbuzi, mkaa, kwaya ya kanisa, na maiti na wafiwa wake pamoja. Pikapu isiyo na pa kushika haifai kitu. Mjomba hakuwahi kutoa gari bila kulichomelea bomba la kushika pande zote, na kidaraja kidogo nyuma ili mama aliyebeba mtoto apande bila kuvua heshima. Kwangu hilo lilikuwa kama kuweka mlango kwenye nyumba.

Basi wiki zangu za kwanza, Luc ananiachia bene moja niimalize peke yangu. Naimaliza mapema. Naangalia, naona mabomba yamebaki pembeni. Moyoni nasema, hawa Wabelgiji wamesahau. Nachomelea bomba la kushika kulia, bomba kushoto, bomba nyuma ya kebini, na kidaraja. Nasaga mishono mpaka inang'aa. Nasimama kando, najivunia kama bibi harusi.

Luc anafika. Anazunguka gari.

"Ngoie, tafadhali, hiki ni kitu gani, tafadhali?"

"Ni pa kushika, monsieur."

"Nani ashike?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wale wanaokaa nyuma."

Luc akamtazama Haruna. Haruna alikuwa tayari ameketi juu ya sanduku la vifaa, miwani imeanguka kifuani, machozi yanamtoka kwa kicheko. Alipopata pumzi akaniambia kwa Kiswahili, "Binti, hapa nyuma hakai mtu. Hapa hata mbwa anafungwa mkanda."

Nikaamriwa kukata vyote. Nilikuwa nimeshawasha grenda la kukatia, kidaraja kimeshaanguka chini, mwenye gari akaingia kabla ya saa yake. Fundi paa, mtu mnene mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Akashika lile bomba la upande, akalitikisa, halikutikisika. Alitoka nje, akarudi na ngazi yake, akaiweka juu ya bomba, akaifunga kwa kamba mara mbili, akarudi nyuma kuitazama. "Mmenifikiria," akasema.

Luc hakupepesa macho. "Ndiyo, monsieur. Tumekufikiria."

Tangu siku hiyo mafundi paa walikuwa wakija kuomba "mabomba kama ya yule." Msije mkasema yaya kawafundisha kwamba kila kosa ni baraka. Kile kidaraja kilienda kwenye chuma chakavu, na siku ile nilibaki nikifagia karakana nzima.

Kuna kosa jingine ambalo halikumfurahisha mtu yeyote. Kati ya kebini na bene huachwa nafasi. Vidole viwili. Mimi niliiona mbaya, kama pengo la jino, nikaisogeza bene mbele mpaka ikakaribia kuibusu kebini. Haruna hakunigombeza. Alileta jeki, akaiweka chini ya gurudumu moja la nyuma, akainua. Gurudumu moja tu. Nikaona kwa macho yangu chesi ikijipinda taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani, na kona ya bene ikaja ikaikuna kebini. Rangi ikatoka kama ganda la kitunguu.

"Chuma kinatembea," akasema. "Wewe unakiona kimelala hapa, ukadhani kimelala. Barabarani kinacheza. Kipe nafasi ya kucheza."

Ndiyo maana kebini na bene ni vitu viwili. Mkiona pikapu ya kazi barabarani Chaussée d'Ixelles, chungulieni pale katikati. Kama vidole viwili vinaingia, aliyeifunga alikuwa na mwalimu.

Na mengine aliyonipa nayaweka hapa kwa haraka, atakayeyahitaji ayachukue. Bati jembamba usilichomelee mfululizo. Gusa hapa, nenda ukaguse kule, rudi, la sivyo linajikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye moto. Pima kona kwa kona, si upande kwa upande, kwa sababu pande nne zinaweza kulingana na bene ikawa bado imekaa mshazari. Toboa matundu ya kutolea maji kabla ya kupaka rangi, usingoje baadaye. Mvua ya Brussels haina haraka. Itakaa humo ndani mpaka bene ipate kutu.

Sasa turudi kwa Gloria na mikono yake.

Mara ya kwanza kusikia jambo la majirani ilikuwa wakati wa chakula cha mchana. Haruna alikuwa ameleta kuku na wali, mkewe mama Zaina alikuwa bado anapika siku zile, na Luc alikuwa na mkate wake na jibini anautazama ule wali kwa huzuni. Tukamgawia. Akiwa na paja la kuku mkononi, akasema, "Mnajua pikapu za Marekani zinatengenezwa kwa majirani zake kwa sababu ya huyu?"

"Kwa sababu ya nani?"

"Kuku."

Haruna akaniambia kwa Kiswahili, "Pilipili imempanda kichwani."

Lakini Luc hakuwa akitania. Alituambia kwamba zamani kuku wa Marekani waliingia Ulaya kwa wingi, bei ya chini, wafugaji wa huku wakalia, na nchi za soko la pamoja zikawawekea wale kuku ushuru mkubwa. Marekani nao wakakasirika, wakaweka ushuru wao juu ya vitu kadhaa, na kimoja kilikuwa magari madogo ya mizigo yatokayo nje. Ugomvi wa kuku ukapita, ushuru wa pikapu ukabaki. Kuna wakati kampuni zilileta chesi na kebini tu, bila bene, kwa kuwa gari nusu lilitozwa kidogo. Bene ikafungwa baada ya kushuka melini. Njia hiyo nayo ikazibwa. Baadaye Marekani wakapatana na majirani zao, Meksiko na Kanada, kwamba gari lililotengenezwa kule kwa masharti fulani lipite bila ule ushuru. Basi viwanda vikajengwa kwa jirani, na kwa miaka mingi pikapu zikavuka mpaka kwenda kuuzwa nyumbani.

"Donc, gari nusu, bene inafungwa mwisho," nikasema. "Ni sisi hao!"

"Ni sisi," akasema Luc, na akaomba wali tena.

Mimi niliipenda hadithi hiyo kupita kiasi. Nilikuwa nikirudi nyumbani kwa metro nawaza kuku mmoja tu, mahali fulani, aliyetaga kiwanda. Nikaanza kuota. Likasi iko karibu na Zambia, nikasema, siku moja nitafungua karakana yangu karibu na mpaka, chesi zitakuja, nitazifunga bene zenye pa kushika. Nilimweleza Haruna ndoto yote, na rangi ya geti. Akasikiliza mpaka mwisho. "Geti la bluu litapauka," akasema. "Weka kijivu."

Sikujua kwamba hadithi ya jirani inaweza kukufikia ukiwa upande wa pili wake.

Asubuhi moja Luc alituita mezani. Hakusema tafadhali hata mara moja, na hapo nikajua ni jambo kubwa. Kampuni iliyokuwa ikituletea chesi nyingi kuliko wateja wote imeamua bene zake zifungwe Ufaransa, nje kidogo ya mpaka, katika karakana kubwa. Magari yatarudi Brussels yamekamilika, yauzwe kama zamani. Bila wao, karakana yetu haiwezi kubeba watu wote.

Wenzetu wengine walikuwa vijana, wakaanza kutafuta kwingine wiki ileile. Niliyemwonea uchungu alikuwa Haruna. Alibakiza mwaka mmoja na ushee afikie pensheni yake kamili. Katika umri ule, nani angemwajiri mchomeleaji mwenye miwani ya uzi? Na mama Zaina figo zilikuwa zimemgeuka. Mara tatu kwa juma alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na Haruna ndiye aliyempeleka na kumrudisha. Kuzifuata bene Ufaransa hawezi. Kukaa bila kazi hawezi. Alikuwa amesimama pale katikati, na bado alikuja kila asubuhi kunicheka Kiswahili changu.

Mimi nilifoka kwa niaba yake. "Banatuibia kazi, papa!"

"Nani? Umemwona?"

"Bale ba kule!"

"Basi twende ukawaone."

Na kweli tulikwenda. Ile karakana kubwa iliomba Luc awaonyeshe jinsi tulivyofunga bene zetu, kwa sababu wateja walizizoea. Tukaingia kwenye gari la Luc, Haruna mbele, mimi nyuma na mkanda wangu. Njia nzima nilikuwa nikimnong'oneza kwa Kiswahili. "Papa, usibaonyeshe. Bafanye benyewe. Bafunge bila nafasi, kebini zichunike, batarudi kutulilia."

Tukapita mahali ambapo zamani kulikuwa na kibanda cha forodha, sasa kimebaki tupu na majani. Haruna akakitazama kikipita dirishani.

"Ngoie, bene ikichomoka barabarani, aliye nyuma yake na baiskeli hataulizwa imefungwa upande gani wa mpaka."

Sikukubali bado, nikaukaza mkanda wangu.

Kufika kule nilielewa mengi kwa macho kabla ya masikio. Uwanja wenyewe, karakana yetu ingeingia humo na Luc angeitafuta siku nzima. Reli inaingia mpaka ndani ya ua. Chesi zinashuka kwenye treni kama ng'ombe. Jirani wa ukuta anauza mabati. Na katikati kuna mashine ya kukunjia chuma, ndefu kama nyumba ya vyumba vitatu, inashuka mara moja, pffu, upande mzima wa bene umekunjwa. Kazi iliyotuchukua asubuhi nzima.

Aliyetuzungusha alikuwa mchomeleaji mwanamke, Céline, wa umri wangu, nywele kazifunga kwa kitambaa chenye matundu ya cheche kama changu. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, na kile kitambaa kikaniharibia mpango.

"Hii ina tumbo," akatuambia, akiipiga ile mashine kofi. "Lazima ile kila siku. Belgiji peke yake haiishibishi, Ufaransa peke yake haiishibishi. Tunakusanya oda za nchi nne ndipo inashiba. Chuma kingine kinatoka kwenu Belgiji, kinavuka, tunakikunja, kinarudi kwenu kikiwa bene. Hakuna anayefungua mlango wa lori mpakani."

Hapo, Gloria, ndipo jibu lako lilipokaa. Mikono tunayo. Tulichokosa ni uwanja, reli, na tumbo la kutosha. Mashine kubwa hukaa mahali ambapo ardhi ni rahisi, chuma kiko karibu, na mipaka imelala. Kisha inalisha majirani wote kutoka hapo. Mahali pengine ni mapatano na kuku, mahali pengine ni kiwanja. Mwisho ni gari lilelile linalokuja nyumbani na kibao cha kwingine mlangoni.

Nikamuuliza Céline kama wao angalau wamepumzika na hofu ya kunyang'anywa kazi. Akacheka. "Sisi? Wanazungumza kuhusu mashariki mwa Ulaya. Kila mtu ana jirani wake."

Haruna alikuwa ameshavua koti. Akaomba jeki. Akainua gurudumu moja la nyuma mbele ya wachomeleaji wote wa kule, akawaonyesha chesi ikijipinda, akaweka vidole vyake viwili kati ya kebini na bene. Kifaransa chake kilikuwa kidogo, hakikuhitajika. Céline alikuja akaweka vidole vyake palepale alipoviondoa.

Tulikuwa tukijiandaa kuondoka Céline akamwambia Luc jambo moja: bene zikishafungwa na gari likisafiri, bolti hulegea kidogo, maana chuma kinajitafutia mahali pake. Lazima mtu wa Brussels azikaze tena kabla mnunuzi hajapewa funguo, na aongeze vile vitu vya wateja, kama mabomba ya mafundi paa. Luc akaandika mkononi kwa kalamu. Ndivyo alivyoandika kila kitu cha maana.

Ikatoka nafasi moja ya kukaza bolti Brussels. Moja tu. Na Luc akaniita mimi.

"Una kasi," akaniambia. "Haruna macho yanachoka. Nafasi ni yako, Ngoie. Na kule wanahitaji mchomeleaji mmoja, lakini Haruna hawezi kusafiri, wewe unajua."

Nilijua. Nikautazama mkono wake wenye wino. Haikuwa hesabu ngumu hata kwa mtu wa shule yangu. Mimi sikuwa na mtu wa kumpeleka hospitali. Asubuhi zangu zilikuwa zangu.

"Mupe papa Haruna ya huku," nikasema. "Mimi nitaenda kule."

"Tafadhali, fikiri tena, tafadhali."

Safari hii sikukimbia.

Haruna alipopata habari alinikuta nikipanga vifaa vyangu. Hakuketi.

"Nani amekwambia nataka huruma?"

"Si huruma, papa. Ninataka kuiendesha ile mashine kubwa."

"Mwongo."

"Mwongo, ndiyo. Lakini mashine nayo ninaitaka."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa ikiwa chafu vilevile. "Kule kuna upepo," akasema. "Uvae soksi mbili." Akaenda kukata bati lililokuwa halihitaji kukatwa.

Na msinifanye mtakatifu. Ile mashine niliitamani kwelikweli. Mara ya kwanza nilipokanyaga ile pedali na chuma kikakunjwa kama karatasi ya barua, nilipiga ukelele mpaka Céline akadhani nimekatika kidole.

Basi nikawa mimi ndiye yule jirani. Treni ya asubuhi kutoka stesheni ya Midi, kisha basi, kisha geti. Mchana nafunga bene Ufaransa, jioni narudi kulala Brussels, na bene zangu zinanifuata siku mbili baadaye kwenye lori la kubebea magari. Kila moja ilipita mikononi mwa Haruna. Na simu yangu ikawa haina amani. Ilikuwa ikilia wakati wa chakula, bila salamu.

"Ngoie. Bolti ya tatu, kushoto. Imelegea kama jino la mtoto."

"Si mimi, papa, ni Céline."

"Mshono uliopo kando yake ni wako. Nakujua."

Siku nyingine: "Ngoie. Tundu la maji liko wapi?" Nyingine: "Leo umechomelea umesimama kwa mguu mmoja?" Nilikuwa naweka simu kwa sauti kubwa ili Céline asikie, akaanza naye kuelewa. Alijifunza neno "imelegea" kabla ya "asante." Karakana nzima ya Ufaransa ikawa ikisikia "imelegea" inacheka na kukimbilia spana. Hawakuwahi kukasirika. Mtu anayekagua kazi yako akiwa mbali, kisha akakupigia bila kulazimishwa, amekuheshimu.

Bega langu lilianzia kule kuuma, hilo nalisema wazi, maana ile mashine inashiba lakini haishibi haraka. Hata hivyo nisingebadilisha. Haruna alikuwa akienda kazini, alikuwa akitoka, alikuwa akimchukua mama Zaina. Miezi ikapita kama mabehewa, mmoja nyuma ya mwingine. Mimi sikuihesabu. Nadhani yeye alikuwa akiihesabu.

Wiki yake ya mwisho kabla ya pensheni nilituma pikapu ya kijani, ya mtu wa bustani. Céline na mimi tuliifunga pamoja. Hatukusema kwamba ni ya mwisho kwake, tulifanya polepole tu. Siku mbili baadaye, chakula kikiwa bado mdomoni, simu ikalia.

"Ngoie. Ile ya kijani."

"Ndiyo, papa."

"Nimezunguka bolti zote. Nikazunguka tena kwa upande wa pili. Hakuna hata moja iliyosogea."

Nikangoja aseme "lakini." Céline naye akaacha kutafuna, akangoja. Haikuja.

"Vidole viwili vipo," akasema. "Maji yanatoka. Nimemwaga ndoo nzima, nimeangalia mpaka tone la mwisho. Sasa mnataka nifanye nini hapa mpaka saa kumi?"

"Kunywa chai, papa."

"Nimeshakunywa."

Nikasikia sauti ya spana ikiwekwa juu ya meza ya chuma.

"Luc ameniambia niende," akasema. "Nitapitia hospitali. Kila siku ya ile mashine ya damu mama Zaina ndiye hunisubiri kwenye kiti cha korido mpaka nitoke kazini. Leo atatoka, atanikuta mimi ndiye nimekaa."